Makro ya Malango ya Isenga

Mhandisi Bulugu alimwingiza Nkwimba katika chumba cha majedwali asubuhi, akamwonyesha meza, kitanda cha kukunja na dumu la maji, kisha akatoka na kufunga mlango kwa nje. Ufunguo ulipogeuka, Nkwimba alikuwa bado na mkoba wake begani. Mlango ulikuwa na kidirisha cha wavu, na uso wa Bulugu ukatokea hapo.

"Usione umefungwa," alisema. "Baraza linataka kazi iishe bila watu kuingia na kutoka."

"Nimefungwa, Mhandisi. Nimesikia ufunguo."

Bulugu alijikuna kidevu. Alikuwa msimamizi wa hewa wa mji mzima, mtu mpole, na uongo ulimpa shida. "Ukimaliza nitafungua mwenyewe," alisema.

Isenga ulikuwa mji wa chini ya ardhi. Mababu walichimba dhahabu humo, na joto la juu lilipokuwa halivumiliki tena, vizazi vyao vikateremka na vitanda na masufuria yao. Kila upande ulichimbwa kwa wakati wake: Shimoni kwanza, halafu Mkondo wa Kati, mwisho Mkondo Mpya. Katikati ya zote palikuwa na Kitovu, penye mashine za kuvuta hewa kutoka juu. Kila upande, pamoja na Kitovu, ulikuwa na lango lake la chuma na stesheni yake ya hewa, na kila stesheni ilikuwa na kompyuta ya zama zake. Za aina zote tatu zilikuwa mezani mbele ya Nkwimba: moja nene kama ile ya Shimoni, herufi za kibodi zimefutika, moja kama ya Kati, iliyoundwa na watu wengine kabisa kwa mfumo wao wenyewe, na moja nyembamba kama sahani, ya Mkondo Mpya, ambayo ndiyo iliyotumika Kitovu pia.

Kila asubuhi Kitovu kilituma lahajedwali moja kwa stesheni zote. Ndani yake kulikuwa na makro, amri zilizopangwa kwa mfuatano, ambazo kompyuta ilizisoma na kufungua au kubana vali za hewa kufuatana na idadi ya watu. Mkondo Mpya ilizisoma zote. Kati ilizisoma nusu. Shimoni ilitoa maneno yale yale kila siku, "Amri haitambuliki," ikaacha vali zake kama zilivyokuwa tangu enzi na enzi, wazi kabisa.

"Binti yangu ameanguka darasani," Bulugu alisema kupitia wavu. "Mwalimu alidhani amesinzia. Shimoni wanapumua kama wako juu ya kilima, na watoto wa Mkondo Mpya midomo inageuka rangi. Hawaibi. Ni kompyuta yao haisikii."

Nkwimba aliishi Mkondo Mpya. Alijua jinsi watu wa huko walivyosimama katikati ya ngazi kutafuta pumzi, wakijifanya wanafunga kamba za viatu.

"Unataka makro moja inayosomeka kwenye zote tatu," alisema.

"Moja. Na iwe na amri ya kufunga lango. Ule moto ulioanzia Kati uliingia Shimoni kwa sababu lango la Shimoni halikutii. Unakumbuka tulivyozika."

Alikumbuka. Aliweka mkoba chini. "Atakayebonyeza kufunga ni nani?"

"Baraza. Kutoka hapa Kitovu."

"Na walio ndani?"

"Wataona lango limefungwa," Bulugu alisema, na baada ya kusema hivyo akaangalia pembeni.

Watu wa Shimoni walikuwa hawaelewani na Baraza. Walikataa kutoa vijana wao kuchimba mkondo mwingine, na mjumbe mmoja alishasema hadharani kwamba anayekataa jembe ataonja hewa nyembamba. Watu walicheka, kwa kuwa kila mtu alijua kompyuta ya Shimoni haisikii la mtu. Nkwimba naye alicheka siku ile. Sasa alikuwa amepewa kazi ya kuitia masikio.

*

Alianza na yale yanayoonekana. Kompyuta mpya ilitenganisha majina ya folda kwa mstari ulioinama upande mmoja, na ya Kati kwa mstari ulioinama upande wa pili, kwa hiyo makro iliyoambiwa ikachukue faili mahali fulani ilifika Kati ikakuta hakuna mahali kama hapo. Akaacha kuandika mstari wowote, akaiagiza makro iiulize kwanza kompyuta yenyewe, "Wewe unatumia alama gani?" Kisha namba. Kompyuta ya Kati ilitenganisha desimali kwa mkato, wenzake kwa nukta, na vali iliyoambiwa ijifungue moja na nusu ilisoma kumi na tano. Hilo nalo akalimaliza.

Shimoni ndiyo iliyomtoa jasho. Nusu ya amri zilizotumika siku hizi hazikuwepo ile kompyuta ilipotengenezwa. Ilibidi kila amri mpya aivunje vipande vya zamani, kama mtu anayemweleza bibi yake jambo bila kutumia neno hata moja la vijana. Na haikutosha amri isitumike. Kompyuta ile ilikataa hata kuiona imeandikwa. Kwa hiyo aliweka alama za kuificha, ili yale ya wapya yasomwe na wapya tu, na ya Shimoni yasomwe na Shimoni.

Chumbani hakukuwa na sauti isipokuwa feni ndogo ya dari. Chakula kilipitishwa chini ya wavu. Akiomba kwenda msalani, askari alimsindikiza akamrudisha, na ufunguo ukageuka tena. Alianza kuuota ule mlio hata akiwa macho.

Kitu kilichomchangamsha kilikuwa simu ya waya iliyounganishwa na stesheni ya Shimoni kwa ajili ya majaribio. Mtunza stesheni wa huko alikuwa Holo, mdogo wa mama yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Wanakulisha?"

"Wananilisha. Wali wao hauna chumvi."

"Kazi ya hewa na chumvi wapi na wapi." Holo alishusha sauti. "Hapa watu wanasema unatengeneza kamba ya kutunyongea. Nimewaambia wakukome. Lakini nakuuliza mimi mwenyewe, si wao. Unatengeneza nini?"

Nkwimba aliangalia kidirisha. Askari alikuwa amekaa, mgongo wake umeziba nusu ya wavu.

"Watoto wa kwetu wanaanguka, mama mdogo," alisema taratibu. "Mkipunguziwa kidogo tu, hamtahisi, na wao watasimama."

"Hilo hata wangetuomba tungewapa. Nimekuuliza lile lingine."

Nkwimba aliutazama tena mgongo wa askari. Holo akasema, "Haya, mwanangu. Kula hata kama hauna chumvi," akakata simu.

*

Siku ya jaribio Bulugu aliingia chumbani akafunga mlango nyuma yake na kuutia ufunguo mfukoni. Jaribio lilikuwa la kweli, kwa vali za kweli, maana Baraza lilikuwa limechoka kungoja. Simu iliwekwa mezani, sauti ikaachiwa isikike chumba kizima.

"Fungua jedwali, mama mdogo," Nkwimba alisema. "Halafu bonyeza kitufe cha kijani."

"Nimebonyeza. Leo haijatukana."

Kwenye skrini ya Kitovu, ambako vali zote za mji zilionekana kama mistari, mistari ya Shimoni ilianza kushuka polepole. Ile ya Mkondo Mpya ikapanda. Bulugu alivuta kiti akakaa, akafunika uso kwa mikono. Nkwimba alidhani anaomba.

Mistari ya Shimoni ilifika mahali ilipopangiwa kusimama. Haikusimama.

"Mhandisi," Nkwimba alisema.

"Hapa feni zimenyamaza," Holo alisema simuni. "Nyie, ndivyo mlivyopanga?"

Nkwimba alishaiona. Makro ilikuwa na sharti la usalama, kwamba chujio la hewa likipitisha muda bila kusafishwa, vali ijifunge. Holo aliandika tarehe ya kusafisha kwenye kompyuta yake. Tarehe ya leo ilitoka Kitovu. Lakini kompyuta hazihifadhi tarehe, zinahifadhi hesabu ya siku tangu mwanzo fulani, na mwanzo wa kompyuta ya Shimoni ulikuwa miaka minne baada ya mwanzo wa nyingine. Makro ilitoa hesabu moja katika nyingine ikaona chujio halijaguswa kwa miaka minne. Mezani hapa hilo halikuonekana, kwa sababu tarehe zote mbili alikuwa amezichapa yeye kwenye kompyuta moja.

"Ni kosa langu la tarehe," alisema. "Mama mdogo, tunaisimamisha. Shika—"

"Subiri kidogo," Bulugu alisema.

Alikuwa amesimama. Hakuwa akimwangalia Nkwimba. Alikuwa akiangalia mistari ya Shimoni ikishuka, mmoja baada ya mwingine, na usoni mwake mlikuwa na mshangao wa mtu aliyesukuma ukuta ukasogea.

"Kumbe inafungika," alisema kwa sauti ya chini.

Simu ilikuwa wazi. Shimoni nzima ilikuwa kwenye ule waya, na nyuma ya Holo walisikika watu wakiitana majina.

Nkwimba hakusubiri. "Shika kitufe cha kwanza kabisa kushoto, juu. Ukiwa umekishika, bonyeza kile chenye herufi iliyofutika, cha tatu kutoka kulia. Usiachie."

"Nimeshika."

Mistari ilitetemeka ikasimama. Nkwimba alirekebisha makro iulize kwanza, kila ifikapo, "Wewe unaanza kuhesabu kutoka mwaka gani?" akaituma upya, na polepole Shimoni ikapanda mpaka kiwango chake, ikatulia. Mkondo Mpya nao ulitulia. Hata hapo chumbani hewa ilionekana kuwa nyepesi zaidi, au labda yeye ndiye alikuwa amebana pumzi muda wote ule.

"Watu ni wazima?" aliuliza.

"Wazima," Holo alisema. "Huyo aliyesema subiri ni nani?"

Bulugu alitoa ufunguo mfukoni, akautazama, akatoka. Hakusahau kufunga.

*

Amri ya kufunga lango ilikuwa bado haijaandikwa. Nkwimba alikaa mbele ya mashine zote tatu akijua kwamba hakuna kinachomzuia tena. Njia ilikuwa wazi mpaka Shimoni. Mtu wa Baraza angebonyeza kitufe kwa ajili ya moto, na kitufe kile kile kingefaa kwa ajili ya ubishi.

Aliwaza kuiandika vibaya makusudi, aweke amri ambayo Shimoni haiijui, kila mtu aamini kwamba kompyuta imekataa. Lakini moto wa Kati haukuwa hadithi. Alimkumbuka jirani yake aliyetambuliwa kwa mabaki ya bangili. Lango lisilotii lilikuwa limeua watu, na likiachwa hivyo lingeua tena.

Mwishoni aliandika hivi: lango la kila upande, na la Kitovu pia, litafungwa na stesheni yake tu, kutoka ndani, na kutoka ndani tu litafunguliwa. Malango ya pande nyingine Kitovu kitayaona tu na kushauri, hakitaweza kitu. Aliisuka amri hiyo ndani ya hesabu za hewa, uzi kwa uzi, hivi kwamba anayeing'oa atang'oa na hewa ya watoto. Akaitia kwenye lahajedwali la asubuhi, likaenda pande zote. Kisha akampigia Holo akamweleza.

Holo alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo moto ukitokea hapa," alisema, "atakayefunga ni mimi, nikiwa ndani."

"Wewe, au yeyote aliye zamu."

"Umetupa mzigo, mwanangu. Jana tulikuwa na wa kumlaumu."

"Najua."

"Sijasema ni vibaya. Nasema ni mzito. Nitawaambia."

Bulugu alipogundua, hakupaza sauti. Alisimama kwenye wavu, macho mekundu. "Baraza linataka nyingine. Ukiandika leo, leo unakwenda nyumbani."

"Siandiki."

"Mtu anaweza kukimbia bila kufunga. Umefikiria hilo? Mji mzima unaungua kwa sababu mtu mmoja ameogopa."

"Nimefikiria. Anaweza." Nkwimba alisogea karibu na wavu. "Na wewe ulisema subiri, Mhandisi. Nilikuwa nimekaa hapa."

Bulugu alibaki ameshika wavu kwa vidole. "Sikutaka wafe," alisema.

"Najua hukutaka. Ulitaka kuona tu."

Aliondoka. Nkwimba alibaki chumbani humo siku baada ya siku, mpaka akaacha kusikia ufunguo kama mlio na kuanza kuusikia kama saa. Aliambiwa binti wa Bulugu anakimbia uwanjani. Aliambiwa Baraza linatafuta fundi mwingine, na kwamba kila anayeletwa anaiangalia kompyuta ya Shimoni na kurudi kwao. Aliacha kuuliza. Kulikuwa na saa ambazo aliitazama makro yake kwenye skrini, akaona ni maneno machache tu ya kubadilisha ili alale kitandani kwake. Alikuwa akienda kusimama upande mwingine wa chumba mpaka fikra hiyo ipite.

*

Moto ulitokea Kitovu penyewe, mchana, kwenye nyaya za mashine za kuvuta hewa. Nkwimba alinusa mpira unaoungua kabla ya kusikia kelele. Askari aliyekuwa mlangoni hakuwepo tena. Alipiga mlango kwa kiti, na moshi ukaanza kupenya kwenye wavu kama maji.

Ufunguo uligeuka. Bulugu aliingia akiwa amejifunga shati puani.

"Toka," alisema. "Nenda moja kwa moja mpaka langoni, usigeuke."

"Nani yuko stesheni ya Kitovu?"

"Mimi ndiye wa zamu. Toka, Nkwimba."

Alikimbia naye kipande cha njia, mpaka njia zilipoachana. Kutoka kwenye spika ya stesheni alisikia sauti ya mjumbe wa Baraza aliyekuwa Mkondo Mpya ikimwamuru Bulugu afunge, afunge sasa hivi, na sauti ya Bulugu ikijibu, "Bado watu wanapita." Walikuwa wanapita kweli: mafundi, wapishi, mama mmoja wa usafi aliyebebwa mgongoni. Nkwimba alivuka lango pamoja nao. Nyuma yake chuma kilianza kuteleza, kikagusa ukuta, kikanyamaza.

Mjumbe yule alikuwa hapo nje sasa, amelowa jasho. "Mashine zimesimama," alimwambia. "Hewa iliyobaki mikondoni si ya kukaa sana. Moto ukishakufa tufungue haraka. Fungua wewe, si uliandika wewe."

"Halifunguki kutoka huku."

"Basi andika kitu."

"Niliandika ili isiwezekane," Nkwimba alisema, na akasikia maneno yake mwenyewe kama mtu anayesomewa hukumu. Alikuwa nje ya chumba, nje ya moshi, na hakuwahi kujisikia amefungwa kiasi kile.

Aliweka kiganja kwenye lango. Lilikuwa la moto, akaondoa. Watu walikaa chini ili wasitumie pumzi nyingi. Holo alikuja kutoka Shimoni na kundi la wenzake, hakuna aliyewaita, wakakaa nao. Baadaye Nkwimba alijaribu tena kiganja, na tena, na kila mara chuma kilikuwa kimepoa kidogo, na kila mara upande wa pili ulikuwa kimya.

"Kinyago cha moshi kipo stesheni?" Holo alimuuliza kwa kunong'ona.

"Kipo."

"Basi ngoja."

Chuma kilikuwa baridi kabisa lango lilipotikisika. Lilifunguka kiasi cha mtu mmoja, likakwama, likafunguka tena. Bulugu alitoka akitambaa, kinyago shingoni, masizi mpaka ndani ya masikio. Mafundi walimruka wakakimbilia mashine. Nkwimba alipiga magoti akamshika mabega, na Bulugu akakohoa muda mrefu kabla ya kupata sauti.

"Kitufe chako cha kufungua," alisema. "Kwenye skrini yetu kinatokea kidogo mno. Nimekitafuta kwenye moshi, nimekitafuta, nikadhani hukukiweka."

"Nilikipimia kwenye ile ya Shimoni," Nkwimba alisema. "Kule kinatokea kikubwa."

"Kikuze."

"Nitakikuza."

Mjumbe wa Baraza alikuwa amesimama juu yao akitaka kusema neno. Bulugu aliinua mkono wenye masizi, akamzuia, akautumbukiza mfukoni akatoa ufunguo wa chumba cha majedwali. Akamwekea Nkwimba kiganjani.

Jioni ile, mashine zilipoanza kuvuma tena, Nkwimba alirudi mwenyewe katika kile chumba kilichonuka moshi, akaegemeza kiti kwenye mlango usijifunge, akakaa mbele ya kompyuta zote tatu kuanza kupima kitufe upya.